Kipeo Juu ya Kipeo

Katika chumba kile chenye kompyuta nne na pangaboi moja, Mzee Kornelio ndiye mwanafunzi pekee aliyeisahihisha mashine. Wenzake walibonyeza wakangoja jibu kama watu wangojao chai. Yeye aliinama juu ya daftari lake, akapiga hesabu ileile kwa penseli, kisha akainua macho polepole kulinganisha. Majibu yakilingana, aliweka alama ya vyema kando ya jibu la kompyuta, kama mwalimu amtiaye moyo mtoto asiye hodari sana. Mwamvita, aliyekuwa akiwafundisha, aliiona alama ile kila alipopita nyuma yake, na kila alipoiona ilimwasha kama upupu.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Mwananyamala, na heshima yake yote mtaani ilikuwa imesimama juu ya mashine zile nne. Huo ulikuwa mwaka wa tisini na sita. Mashirika yalikuwa yakifungwa, makampuni mapya yakifunguliwa, na kila tangazo la kazi lilitaka mtu ajuaye kompyuta. Mwamvita alikijua kitabu cha mafunzo ukurasa kwa ukurasa, hata palipokosewa chapa. Ila hesabu zenyewe aliachana nazo kidato cha pili, siku mwalimu alipoishika karatasi yake kwa ncha za vidole, kama ashikaye mkia wa panya aliyekufa, akaionyesha darasa zima. Alipokutana na kompyuta alihisi amepata mwombezi. Mashine ingehesabu, yeye angebonyeza, na hakuna ambaye angemwuliza tena jibu limetoka wapi.

Jumatano moja alifundisha kipeo kwenye programu ya majedwali.

"Alama hii sie tunaiita kofia," alisema. "Mbili kofia tatu, maana yake mbili mara mbili mara mbili. Mnaona? Nane. Haya, nipeni mfano mwingine."

"Tatu, kofia tatu, kofia tatu," alisema Mzee Kornelio.

Mwamvita aliandika, akabonyeza. "Elfu kumi na tisa, mia sita themanini na tatu."

Penseli ya mzee ilikuwa imekwisha kutua. "Hapana, binti. Hiyo siyo hesabu niliyoitaja."

"Si umesema tatu kofia tatu kofia tatu?"

"Nimesema. Lakini kipeo kikikaa juu ya kipeo, wa juu kabisa ndiye husema kwanza. Tatu ya juu huipandisha ya kati, ikawa ishirini na saba. Ndipo ya chini ijizidishe mara ishirini na saba. Jibu lake linapita trilioni saba. Mashine yako imeanzia chini."

Wanafunzi waliacha kubonyeza. Mwamvita alikiona tena kidato cha pili, na ile karatasi ikining'inia hewani. Akashika neno lililokuwa karibu.

"Kompyuta haikosei, mzee wangu."

Darasa likacheka. Hakikuwa kicheko cha ubaya, ni cha vijana waliochoka kukaa kimya. Lakini Mzee Kornelio alifunga daftari, akaiweka penseli mfukoni mwa shati, akasimama.

"Mwaka wa tisini na mbili niliambiwa maneno hayohayo," alisema kwa sauti ya chini. "Na siku hiyo pia kuna waliocheka."

Akatoka. Alhamisi hakuja. Ijumaa hakuja.

Mwamvita angeweza kumsahau. Wanafunzi huja na huenda. Kilichomkosesha raha ni mabano. Ijumaa adhuhuri, chumba kikiwa kitupu, aliandika tena zile tatu tatu, safari hii akazizungushia mabano zile mbili za juu. Nambari haikuenea kwenye kisanduku. Akakipanua kisanduku mara moja, akakipanua tena: 7625597484987. Akahesabu tarakimu kwa kidole. Kumi na tatu. Trilioni saba na ushee, kama alivyosema mzee bila kushika kibodi. Mashine ileile, tatu zilezile, na majibu mawili yaliyopishana kama sisimizi na mlima. Alikipekua kitabu cha mafunzo chote, hakikumwambia lipi ni lipi. Kwa mara ya kwanza alitambua kwamba mwombezi wake hakuwa akimwombea. Alikuwa akitii tu, na aliyekuwa akimtii ni Mwamvita mwenyewe, ambaye hakujua anachokiamuru.

Jumamosi alifungua rejista, akasoma mahali mzee anapoishi, akajitanda khanga yake akaenda. Haikuwa mbali, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya hospitali. Barazani mwanamke wa makamo alikuwa akishona sare za shule kwa cherehani.

"Shikamoo, mama. Mie ni Mwamvita, namfundisha mzee kompyuta."

"Marahaba." Mwanamke yule hakuacha kukanyaga cherehani. "Kumbe ndiye wewe. Mimi Kokuberwa, mke wake. Unajua alijiandikisha kwako bila hata kunishauri? Nikafurahi, nikasema sasa ameanza kupona. Halafu Jumatano akarudi na uso uleule wa miaka minne iliyopita."

"Ndiyo nimekuja kumwomba radhi, mama."

Cherehani ilinyamaza. Kokuberwa akamsogezea kigoda. Akamweleza. Mumewe alikuwa mmoja wa wapiga hesabu tisa katika shirika la umma lililonunua pamba. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, waliambiwa wafunge hesabu za msimu kwa mkono, na mwenzao mmoja, Alfonsi, azifunge kwa mashine, ili zishindanishwe. Jumla zikapishana kwa marobota mia sita. Kornelio akaapa kwamba Alfonsi ameilisha mashine vibaya. Mkubwa wao akacheka mbele ya kikao, akasema kompyuta haikosei. Orodha ya kwanza ya waliopunguzwa kazi ilipobandikwa, jina la Kornelio lilikuwa la pili.

"Alfonsi ndiye aliyesimamia ndoa yetu," alisema Kokuberwa. "Tangu siku hiyo hawajasalimiana. Alipofiwa na mama yake tulikaa humu ndani kama watu wasiojua njia."

Mzee Kornelio alitokea uani akiwa na ndoo ya maji. Alimwona mgeni, akaitua ndoo taratibu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nimeweka mabano. Imetoa trilioni saba."

"Nilikwambia."

"Uliniambia. Ila sijaelewa kwa nini yako ndiyo sahihi, ile ya kwanza isiwe." Sentensi iliyofuata ilikuwa imekaa kifuani mwa Mwamvita miaka kumi na miwili. "Mie hesabu sijui, mzee. Najua kubonyeza tu."

Labda mzee alikuwa amejiandaa kwa ubishi, kwa maana alibaki amesimama kama mtu aliyesukuma mlango akakuta uko wazi. Kisha akakaa kwenye ngazi, akaomba chaki ya kushonea ya mkewe, akachora sakafuni.

"Tazama. Ukianzia chini, tatu kwa kipeo cha tatu ni ishirini na saba. Ukiipandisha hiyo kwa kipeo cha tatu tena, umefanya nini? Umezidisha vile vipeo viwili tu. Tatu mara tatu, tisa. Jibu ni tatu kwa kipeo cha tisa, basi. Ghorofa limeporomoka, limekuwa kibanda. Sasa kama ulitaka kibanda, ulipandishia nini mawe juu? Atakayeandika kipeo juu ya kipeo anataka ghorofa. Ndiyo maana huanzia juu."

Mwamvita aliitazama ile michoro ya chaki. Alingoja ukungu wa siku zote uje, ule uliomfunika kila alipoona tarakimu zimepangana. Haukuja. Aliliona ghorofa, akaliona likiporomoka, akaona na sababu. Akacheka peke yake, kwa sauti, hata Kokuberwa akageuka.

"Jumatatu utakuja?" aliuliza.

"Unanialika nije kuwa kichekesho?"

"Nakualika uwaeleze ulivyonieleza mie."

Jumatatu alikuja. Mwamvita alisimama mbele ya darasa, akasema kwamba Jumatano alikosea yeye, si mzee wala si kompyuta. Kisha akampisha. Mzee Kornelio alieleza ghorofa na kibanda, na waliocheka wiki iliyotangulia wakanakili. Baada ya kipindi wale wengine walipotoka, yeye alibaki.

"Binti, mashine hii inaweza kupandisha mara ngapi?"

Hapo Mwamvita alikuwa nyumbani. Aliandika mbili katika kisanduku cha kwanza. Katika cha pili aliandika kanuni: mbili kofia kisanduku kilicho juu yake. Kanuni hiyo akainakili kushuka chini, ili kila mstari uwe ghorofa lililoongezwa orofa moja. Nambari zikajipanga: mbili, nne, kumi na sita, elfu sitini na tano mia tano thelathini na sita. Mstari wa tano haukuwa na nambari. Palitokea neno la kosa, na chini yake neno lilelile, na chini yake tena, mpaka mwisho wa kioo.

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Imeshindwa?"

"Imeshindwa. Nambari imekuwa kubwa mno."

Mzee akachomoa penseli, akaandika logi ya mbili kwa kichwa, akazidisha. "Ina tarakimu elfu kumi na tisa mia saba ishirini na tisa. Ukiiandika itakula kurasa ishirini na sita za daftari langu. Na hiyo ni ya mbili. Weka tatu pale mwanzo."

Mwamvita alibadilisha, mwanzoni na ndani ya kanuni. Safari hii neno la kosa lilitokea mstari wa nne.

"Umeongeza moja tu chini," alisema mzee, "ona lilivyolipuka juu."

Mwamvita alitegemea kumwona akifurahi. Mtu aliyefukuzwa kwa ajili ya mashine ameiona mashine ikipiga magoti, nani asingefurahi? Lakini mzee alikitazama kile kioo kama mtu atazamaye adui yake akiwa mgonjwa. Baadaye akafungua mkoba wake wa ngozi, akatoa bahasha kubwa ya kaki iliyochakaa pembeni, akaiweka mezani baina yao.

"Hizi ni nakala za karatasi za vituo vya kununulia pamba, msimu ule. Mia mbili na kumi na nne. Na hii ni orodha yangu niliyoifunga kwa mkono. Jumla ya orodha hii nimeijumlisha mara nyingi kuliko rozari nilizosali, na haijawahi kubadilika." Akaigonga bahasha kwa kidole. "Nilijiandikisha hapa ili niziingize mwenyewe. Kila siku nazibeba, kila siku narudi nazo. Ziingize wewe. Usianzie kwenye orodha yangu, anzia kwenye karatasi za vituo."

"Tuingize pamoja, mzee."

"Siwezi," alisema, na akaondoka kabla hajaulizwa kwa nini.

Mwamvita aliifanya kazi ile alasiri mbili, akikimbizana na mgao wa umeme. Kila baada ya karatasi kumi alihifadhi, kwa kuwa umeme haukupiga hodi wakati wa kuondoka. Karatasi zilinuka stoo na kaboni. Vituo vingine vilikuwa na mwandiko wa kuvutia, vingine mwandiko wa mtu aliyeandikia juu ya goti. Alipokuwa akiandika alijikuta akimwombea mzee kimoyomoyo, kama mtu aombeaye timu yake. Jumla ya mashine ya wakati ule ilikuwa imeandikwa kwa wino mwekundu nyuma ya bahasha: 418,362. Ya Kornelio: 417,762.

Karatasi ya mwisho aliiingiza Jumatano, saa kumi na nusu. Akabonyeza.

418,362.

Alikaa. Pangaboi lilizunguka. Nje muuza maji alipita akigonga mkokoteni wake. Mwamvita aliipitia safu yote upya, akiiweka sambamba na orodha ya mzee, mstari kwa mstari. Alipofika mstari wa mia na thelathini na moja akasimama. Karatasi ya kituo ilisema marobota 713, saba yenye mkia mfupi, lakini saba, haina ubishi. Katika orodha ya mzee, kwa ule mwandiko wake mnyoofu, palikuwa na 113.

Jumla ya mzee haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa chini ya jumla, mahali ambapo hakuwahi kurudi kutazama, na juu yake aliujenga mwaka, na juu ya mwaka mwaka mwingine, rafiki akageuka adui, msiba ukapita bila wao. Mwamvita aliukumbuka mstari wa nne, tatu ilipoingia mahali pa mbili.

Aliweka kidole kwenye kisanduku kile. Akafuta 713, akaandika 113. Jumla ikajibadilisha papo hapo, bila kinyongo: 417,762. Mashine ilikuwa tayari kumpa mzee haki yake. Nani angejua? Mzee angetembea kifua mbele mpaka kaburini, na mkewe angeshona sare zake akiimba. Mwamvita alikaa na nambari ile ya uongo mbele yake kwa muda ambao hakuupima. Alijiuliza ni mara ngapi ameshawapa watu jibu kwa sababu lilikuwa tamu, au kwa sababu lilikuwa karibu. Kisha akairudisha saba mahali pake, akahifadhi, akazima.

Asubuhi Mzee Kornelio alifika mapema kuliko wote. Alimtazama Mwamvita usoni, akaketi bila kuambiwa.

Mwamvita alikuwa ameandaa maneno tangu alfajiri, na yote yakamkimbia. Akachukua karatasi ya kituo na ukurasa wa orodha, akaviweka sambamba mbele yake, akaonyesha kwa kidole. Ndipo akarudi nyuma hatua moja, asimsimamie.

Mzee alisoma. Akaisogeza karatasi kwenye mwanga wa dirisha, akasoma tena.

"Alfonsi aliniambia," alisema, macho yakiwa kwenye karatasi. "Aliniambia, Kornelio, usitazame jumla, rudi kwenye karatasi. Kwenye korido, mbele za watu. Nikamjibu kwamba ameuza wenzake kwa mashine." Akaigusa ile saba kwa kidole. "Hata hakukasirika. Alinitazama tu."

"Mzee wangu..."

"Basi walinipunguza kwa haki."

"Hilo mie sijui," alisema Mwamvita. "Ila mlikuwa tisa. Mama ameniambia mwaka uliofuata hakubaki hata mmoja, na huyo Alfonsi naye aliondolewa. Hao wengine walikosea nini?"

Mzee alitoa kitambaa, akajifuta uso wote, taratibu, kama anawaye. Wanafunzi wengine walianza kuingia, wakisalimia, wakivuta viti. Alizirudisha karatasi bahasani, lakini ile ya kituo pamoja na ukurasa wake wa orodha akavikunja peke yake, akavitia mfuko wa shati.

"Ungeweza kunificha," alisema.

"Nilijaribu," Mwamvita alijibu. "Kwa dakika chache nilikuficha."

Mzee aliinua macho. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu, na halikuwa tabasamu la furaha. "Ahsante, mwalimu," alisema.

Jumapili, baada ya misa, mzee na Mwamvita walikwenda Chamazi, alikokuwa amejenga Alfonsi baada ya kuondolewa. Kokuberwa alikataa kuandamana nao. "Mimi nikienda nitaomba msamaha kabla yake," alisema, "na huo si wangu peke yangu. Mwanangu, mfuate huyu asije akageuzia njiani." Mwamvita akamfuata.

Njiani mzee aliuliza mara mbili kama si saa mbaya ya kumwendea mtu. Mwamvita alisema si mbaya. Waliacha barabara, wakapita baina ya mikorosho na misingi ya nyumba zisizokwisha, wakaelekezwa na mwanamke aliyekuwa akianika mihogo. Nyumba ilikuwa ya matofali yasiyopigwa lipu, na ubavuni mwanamume mwenye mvi kichwa kizima alikuwa amechutama akifunga waya wa banda la kuku.

Mzee Kornelio alisimama mwanzoni mwa uwanja. Mwamvita alimsikia akipumua. Alidhani ameshindwa, akawa anatafuta la kusema, mara mzee akakohoa, akaita:

"Hodi hapa."

Alfonsi aligeuka bila kusimama. Koleo ilibaki mkononi. Alimtazama mgeni wake kuanzia viatu vilivyojaa vumbi mpaka usoni, na kuku wawili wakapita katikati yao wakiparura mchanga.

"Ilikuwa saba," alisema Kornelio. Aliitoa karatasi mfukoni, ikamshinda kukunjua. "Kituo cha mia na thelathini na moja. Ilikuwa saba, mimi niliandika moja."

Alfonsi hakuinyooshea mkono ile karatasi. Aliweka koleo juu ya banda, akajishika goti, akainuka kwa taabu ya mtu ambaye mgongo umeanza kumdai. Akamgeukia Mwamvita kana kwamba ndio kwanza anamwona, akapokea shikamoo yake kwa kutikisa kichwa. Kisha akaingia ndani.

Walibaki wamesimama juani. Kornelio hakujua afanye nini na ile karatasi, akawa ameishika kwa mikono miwili, kifuani. Mwamvita alitaka kumwambia waondoke, akataka kumwambia wakae.

Wakamsikia huko ndani akiburuta viti.